Kifuniko Kisicho na Waya

Malaba, Jumapili, 15 Agosti 1999

Mvua ilianza tukitoka kanisani na mpaka sasa inapiga mabati kama inayotafuta mtu humu ndani. Alhamisi ningesema inanitafuta mimi. Leo acha inyeshe. Nimekaa kitandani na blanketi magotini, na kwenye kiganja changu cha kushoto kuna tarakimu tatu za wino mweusi ambazo sabuni imeshindwa kuzitoa. Mama ameniuliza ni uchafu gani huo wa kwenda nao kanisani. Sitaki zitoke.

Nimependa waya mbili, daftari. Usimwambie mtu.

Ni waya za kawaida ukiziangalia, moja ya njano na moja ya kijani, zimesokotwa pamoja kama nywele za mtoto anayetayarishwa kwa shule. Zinapita ubavuni mwa lori kutoka mbele mpaka nyuma. Nimekuwa nikiziona kwa malori haya mapya tangu mwaka jana, na nilidhani ni za spika ya redio. Hata Baba alidhani hivyo.

Lakini kwanza nikiri. Daftari hili nililianza ili nipate mahali pa kusema yale yanayokwama kooni, na hili lilikwama tangu Alhamisi mpaka Ijumaa.

Kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa nilikaa na kitu ambacho kilikuwa kimemzuia mtu na lori lake, na kilikuwa kinaelekea kulimaliza jina la baba yangu. Jumanne sikujua. Jumatano sikujua. Alhamisi nilijua, nikanyamaza.

Baba ni fundi wa umeme wa magari kwenye yadi ya malori, upande wetu wa mpaka. Hana karakana ya kuta. Ana kontena moja kuukuu, benchi, na jina. Dereva akiuliza Mombasa taa zikimsumbua huku mwisho aende kwa nani, anaambiwa amtafute mzee wa balbu. Balbu ndiyo kipimo chake: taa ndogo ya indiketa yenye waya mbili. Anagusa hapa, anagusa pale, ikiwaka moto upo, ikikataa moto haupo. Hiyo balbu imewahi kupata shoti ambayo mafundi watatu wa mjini Busia walishindwa nayo. Mimi nilikuwepo. Kabla ya kugusa alifumba macho kwanza, akasikiliza.

Kazi yangu ya likizo ni kufagia magari. Hatutumii ufagio. Kufagia, kwa lugha ya yadi yetu, ni kupita chini ya lori na kutoa kila kitu kinachoning'inia bila kazi kabla halijaingia forodhani: vipande vya waya vilivyokatwa, swichi za taa zilizokufa, visanduku vya redio za zamani. Nilipokuwa darasa la saba afisa mmoja aliona kisanduku kimefungwa chini ya lori na hakina waya unaotoka. Akasema kimefichwa kitu. Walishusha katoni za sabuni zote, lori zima, na mvua ikanyesha juu yake, mpaka barabara ikatoa povu. Kisanduku kilikuwa tupu. Tangu siku hiyo Baba hawezi kuruhusu gari litoke mikononi mwake bila kufagiwa, na mwenye mikono midogo ya kuingia kila pembe ni mimi.

Naipenda kazi hiyo kwa sababu chini ya lori hakuna anayekusemesha.

Jumanne alikuja Kato, dereva wa Kampala, na lori lake jeupe jipya, jipya hata matairi bado yana vile vinyweleo vya mpira. Kato tunamjua. Ni mtu wa kelele, mnene, anacheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe. Mimi ameniita Nyabo Bubu, nyabo kwao ni bibie, tangu nilipoingia sekondari.

"Nyabo Bubu, hujambo? Ah, msimsumbue, atajibu Krismasi."

Yadi nzima hucheka. Mimi hucheka pia, kwa mdomo uliofungwa.

Alikuwa na taa moja ya nyuma iliyokufa. Baba akaitengeneza, mimi nikafagia. Nyuma kabisa, karibu na kiungo cha trela, nikakuta ile jozi ya waya zilizosokotwa imeishia kwenye plagi, na kwenye plagi kumechomekwa kifuniko cheusi, kidogo kama ncha ya kidole gumba. Waya zinaingia, hakuna kinachotoka. Nikakitoa. Nikafunga tundu vizuri na utepe mweusi ili maji yasiingie, nikakitia kwenye mkebe wangu wa vikorokoro, nikajisifu moyoni kwa kufagia vizuri.

Jumatano kabla ya saa nne Kato alirudi kwa miguu, anahema.

"Bannange, mzee! Gari imerukwa na akili!"

Na kweli lilikuwa limerukwa. Lilikuwa limesimama kwenye foleni, limezuia wenzake, na sindano ya mwendo inacheza mpaka themanini na gari halijasogea hata inchi. Taa za dashibodi zinawaka zote, zinazima zote. Ukikanyaga mafuta, mara injini inaitika, mara inabaki inanguruma chini chini kama mtu anayeongea usingizini. Vijana wa boda boda walikuwa wanapita wakiendesha kwa mkono mmoja ili waangalie vizuri. Tukalisukumasukuma mpaka yadini.

Baba alikaa nalo siku mbili na balbu yake. Alipogusa zile waya mbili balbu haikuwaka. Akasema hazina moto. Akafuata kila waya mwingine, akafungua kila fyuzi, akaifuta, akairudisha. Alhamisi mchana alikaa chini kwenye ngazi ya lori na kuvua kofia, na nikaona ana mvi nyingi kuliko nilivyodhani.

Tajiri wa Kato alipiga simu kwenye ofisi ya wakala wetu wa forodha. Sauti yake ilitoka nje ya kile kifaa mpaka sote tukaisikia. "Nani ameshika gari yangu?" Akasema anatuma injinia wake kutoka Nairobi, na injinia ataandika ripoti, na akiandika kwamba ni fundi wa Malaba ameua kompyuta ya lori, hakuna gari lake hata moja litakalosimama tena kwa huyo mzee. Ana malori mengi, na mapya yote ni ya aina hiyo. Na kwa yadi yetu habari ya tajiri mmoja hufika kwa wote kabla ya chai ya saa kumi.

Baba alisema tu, "Wacha aje."

Jioni hiyo nilimwaga mkebe wangu mezani. Kile kifuniko kikabingirika kikasimama mbele yangu. Nikakitazama. Nikajiambia, kitu kisicho na waya kitaangushaje lori zima? Lakini nilishajua. Ndicho kitu pekee kilichotoka kwenye lori lile kikiwa hai, na mkono uliokitoa ni huu.

Nilienda mpaka mlango wa chumba cha Baba. Nilisimama hapo. Nikarudi.

Naandika vile ilivyokuwa. Sina la kujitetea. Nikifikiria kusema jambo, husikia kwanza vile litakavyosikika, halafu vile watakavyonitazama, na nikifika hapo maneno yanakuwa yameshageuka kurudi. Shuleni mwalimu wa Kiingereza ameandika kwenye ripoti yangu mihula minne mfululizo kwamba niongee zaidi. Kwenye karatasi mimi ni mwanafunzi mzuri sana. Kwenye hewa sipo.

Ijumaa nikakitia mfukoni, nikaenda yadini.

Injinia alishuka kutoka basi la asubuhi, na ninyi madereva wa Malaba mlioniita bubu mngeona nyuso zenu! Alikuwa mwanamke. Kijana, pengine miaka ishirini na saba, ana buti za mpira, sanduku la kijani begani, na hindi la kuchoma mkononi. Kato alimpita akienda kumtafuta injinia kwenye mlango wa basi.

"Mimi ndiye unayemtafuta," akamwambia mgongoni. "Naitwa Mwende. Gari iko wapi?"

Sijawahi kuona mtu anayesogea mbele ya gari bovu bila haraka namna ile. Alimaliza hindi lake kwanza, akatupa gunzi, akanawa mikono. Alimsalimia Baba kwa mikono miwili, akamwita mzee, akamwomba amweleze kila kitu tangu mwanzo. Na akasikiliza. Hakumkata hata mara moja. Baba alipofika kwa balbu, uso wa Mwende ulikunjika kidogo.

"Mzee, hiyo balbu uligusisha upande gani? Bodi ya chuma au betri?"

"Bodi."

"Mungu yuko. Ungegusisha betri, hivi visanduku vyote vya kompyuta vingekuwa makaa. Hizi waya mbili zinaishi na volti mbili na nusu tu zikinyamaza. Zikiongea, moja inapanda mpaka tatu na nusu, nyingine inashuka mpaka moja na nusu. Balbu yako haiwezi kuwaka na hiyo. Haikukosea, lakini hapa haiwezi kuona."

Nilimtazama Baba. Watu wa yadi walikuwa wameshasogea, na kuambiwa mbele yao kwamba kipimo chako cha miaka ishirini hakioni, na mtu anayeweza kuwa binti yako, si jambo dogo. Baba aliitia balbu mfukoni. Akavua kofia.

"Basi nifundishe, madam."

Hivyo tu. Nikiishi mpaka nizeeke nataka niwe mtu anayeweza kusema hivyo mbele ya watu.

Mwende akachomoa waya za betri, akalikagua lori mbele mpaka nyuma, akatoa mita yenye kioo, akaigusisha kwenye zile waya mbili. Ikasoma ohm mia na ishirini. Akakunja midomo.

"Inatakiwa kuwa sitini," akasema.

Na hapo, daftari, kitu kilitokea kichwani mwangu. Mimi nina vichwa viwili. Kimoja ni cha shuleni, kinajua fizikia kwa Kiingereza. Kingine ni cha yadini, kinajua spana, fyuzi na matusi ya madereva kwa Kiswahili. Havijawahi kukutana. Lakini aliposema mia na ishirini na sitini niliona ubao wa Kidato cha Pili, rezista mbili, vile vipingamizi vya umeme, zimewekwa sambamba, na hesabu ikajifanya yenyewe: mia na ishirini mbili zikiwa sambamba zinatoa sitini. Tukipata mia na ishirini, basi moja haipo.

Mfuko wangu ukawa mzito kama nimebeba jeki.

"Hizi waya zina rezista mbili," Mwende akaendelea, kama anayesoma mawazo yangu. "Moja mwanzo kabisa, moja mwisho kabisa. Ya mbele ipo. Ya nyuma nimekuta tundu limefungwa utepe. Tena limefungwa vizuri sana. Nani alikitoa kifuniko chenye hiyo rezista?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

"Ni mimi," akasema Baba.

Hakunitazama. Alikuwa anatazama lori. "Kitu chochote kikitoka kwa gari hapa, hiyo ni mkono yangu. Andika hivyo."

Alijua. Alijua ni nani huwa anafagia. Mwende akatoa kalamu, akafungua daftari lake la ripoti kwenye goti, na Kato akalipuka.

"Ssebo, mzee, kweli? Kifuniko! Siku tatu nimelala hapa kwa sababu ya kifuniko? Madam, hata wewe, usinichezee. Kitu kama kizibo cha soda kitasimamisha gari ya tani thelathini?"

Mwende aliweka kalamu chini. Nadhani ndipo nilipompenda, kwa sababu hakumwambia Kato kwamba hataelewa.

"Kanisa lenu lina mabati?" akatuuliza.

Lina mabati.

"Ukiingia likiwa tupu ukasema neno moja, linarudi mara ngapi? Mchungaji akisema neno la pili, la kwanza bado linatembea. Lakini Jumapili watu wakijaa, sauti inafika na kukaa. Watu wameimeza. Hizo rezista ni watu walioketi miisho ya kanisa. Ukitoa upande mmoja, kila neno linagonga mwisho wa waya na kurudi. Gari lako halijarukwa na akili, boss. Linasikia mwangwi wake lenyewe."

Kato akakaa kwenye tairi la akiba. "Sasa nani anaongea ndani ya gari yangu?"

"Wote. Breki, injini, gia, dashibodi. Zamani kila mmoja alikuwa na waya wake kwa kila mwenzake, lori likawa na msitu. Sasa wote wanaongea kwenye hizi waya mbili. Huu mpango unaitwa CAN."

"Wote kwa pamoja? Kama wale?" Kato akaonyesha kule kwenye geti, wanapokaa wabadilishaji fedha, kila mmoja akipaza bei juu ya mwenzake, hakuna anayesikika.

"Hapana. Njooni."

Akatoa kalamu nene ya wino. Akatuchagua watatu: Kato, Baba, na, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma ya Baba bila pa kukimbilia, mimi. Akatuandika kwenye viganja. Kato, breki: sifuri, sifuri, moja. Baba, joto la injini: sifuri, moja, sifuri. Mimi, taa ya ndani ya kabini: moja, sifuri, moja.

"Nikipiga kofi mnasoma tarakimu moja. Ukiwa na sifuri, inua mkono. Ukiwa na moja, usiinue, lakini angalia wenzako. Mkono wako ukiwa chini na wa mwenzako uko juu, huyo ana jambo zito kuliko lako. Nyamaza, ngoja raundi nyingine. Atakayebaki anasema ujumbe wake. Na akimaliza, sisi tuliosikia vizuri tunaitikia, mm. Ni lazima. Asipoitikiwa na hata mmoja, anajua hajasikika, anarudia."

Watu wa yadi wakaanza kucheka kabla hatujaanza. Wanaume wawili wazima na bubu.

Kofi. Kato na Baba wakainua mikono. Mimi nina moja, sikuinua. Nikaona mikono yao, nikatoka. Haikuuma. Kofi la pili, Kato juu, Baba chini. Baba akatoka, akatabasamu hata yeye. Kofi la tatu Kato alibaki peke yake katikati na tumbo lake mbele.

"BREKI!" akapiga kelele mpaka mbuzi wa kwenye lori la jirani wakaitikia kabla yetu.

"Mm," tukasema sote.

"Mmeona? Hakuna aliyegongana na mwenzake. Neno la breki limepita lote, halijachelewa hata kidogo. Na waliotoka hawakufukuzwa. Walisikiliza wakajiondoa wenyewe. Tena."

Raundi ya pili, mimi na Baba. Kofi la kwanza tu nikatoka. Baba akasema kwa sauti ya fundi, "Injini iko digrii tisini." Mm.

"Sasa waya ni tupu," akasema Mwende. "Taa ya ndani. Namba kubwa, jambo dogo, umengoja vizuri. Hakuna anayekuzuia."

Kofi. Mkono chini. Nikaangalia, hakuna mkono juu. Kofi. Nikainua wangu. Kofi. Nikaushusha.

Wote walikuwa wananingoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kungojwa hakukunitisha, kwa sababu sheria ilikuwa imesema ni zamu yangu. Nilitakiwa kusema taa ya ndani imewaka.

Nikasema, "Ni mimi niliyekitoa. Si Baba. Nilikuwa nafagia."

Nikakitoa mfukoni. Kilikuwa na joto la mwili wangu. Nikakiweka kwenye kiganja, juu ya tarakimu.

Halafu ikaja ile nafasi ndogo ya kimya, ambayo Mwende aliniambia baadaye kwamba kwenye waya inachukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ya Ijumaa ilikuwa ndefu. Ilipita boda boda nzima ndani yake.

"Mm," akasema Baba.

Mwende akasema, "Mm."

Kato alichelewa. Alinitazama, akatazama kifuniko, akamtazama Baba. Nilijiandaa kwa lolote. Kisha akapiga mapaja yake makofi.

"Bubu anaongea! Mmesikia? Bubu ameongea, na ametoa gari yangu mfukoni!" Na cheko lake likaja, na safari hii nilicheka na meno yakaonekana.

Sijasema kwamba sikulia. Nililia nyuma ya kontena, kidogo, halafu Mwende akaja akauliza kama nitarudisha mwenyewe au arudishe yeye.

Nilirudisha mwenyewe. Nikatoa utepe, nikachomeka, kikalia tik. Akanipa mita. Nikaigusisha kwenye zile waya mbili. Sitini nukta mbili. Nikamtazama. Nikamwambia, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe, kwamba mia na ishirini mbili zikiwa sambamba ni sitini. Akauliza nimejuaje, nikasema shuleni. Hakushangaa. Alisema, "Sawasawa," kama anayezungumza na fundi.

Betri ikarudishwa. Kato akawasha. Sindano ya mwendo ikapanda, ikashuka, ikalala kwenye sifuri, ikatulia. Baba alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, amefumba macho, anasikiliza. Hata kama hawezi kuzisikia hizo waya, alikuwa anasikiliza.

Baadaye Mwende akafungua kompyuta yake ya kukunja, nene kama Biblia ya mimbari, akaiunganisha. Mistari ya namba ikaanza kumiminika. Hayo ndiyo maneno yao. Hayana jina la anayetumiwa. Hakuna anayesema "barua hii ni ya gia." Kila mmoja anatangaza alicho nacho, wote wanasikia, anayekihitaji anachukua. Akanituma kabini nikanyage mafuta taratibu. Akageuza kioo nikione. Mistari yote ilikuwa inakimbia, lakini katika mmoja, namba moja tu ilikuwa inapanda kadiri mguu wangu ulivyoshuka. Ule ulikuwa mguu wangu. Mguu wangu ulikuwa unaongea, na injini ilikuwa inasikia!

Nilikanyaga na kuachia mpaka Kato akalalamikia dizeli.

Akanieleza jambo moja zaidi ambalo limenikaa. Kila kisanduku kinahesabu makosa yake chenyewe. Kikiona yamezidi, hakingoji kufukuzwa, kinajitoa kwenye waya ili wengine waendelee. Nilitaka kujilinganisha nacho, nikaona nitakuwa ninajidanganya. Kile hunyamaza ili kuwaokoa wengine. Mimi nilinyamaza kujiokoa, na aliyebaki kwenye waya alikuwa Baba.

Kuhusu ripoti, Mwende aliuliza kwa nini tunafagia. Baba akamweleza habari ya sabuni na povu. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akatusomea: kwamba kifuniko kilitolewa kwa kutojulikana kazi yake, kwamba lawama ni ya waliotengeneza kitu muhimu kifanane na takataka bila kukiandika chochote, kwamba fundi wa Malaba na binti yake wamekirudisha, na malori mengine yaendelee kuja kwake.

"Lakini sasa tukiandike," akasema. "Lugha gani?"

Baba akanisukuma mbele. Nikakata kipande cha mpira wa tairi la ndani, nikakiandika kwa rangi nyeupe kwa Kiswahili: USITOE, KINA KAZI. Nikageuza, nikaandika vivyo hivyo kwa Kiingereza. Kato akasema na Waganda wanafanya kazi kwenye magari, tusiwasahau, akanitajia herufi moja moja mpaka kipande kikajaa, tukakifunga kando ya kifuniko. Vichwa vyangu viwili vimekaa juu ya kipande kimoja cha mpira, na kiko barabarani sasa hivi, upande wa pili wa mpaka.

Kato alivuka jana asubuhi. Alipunguza mwendo getini akachungulia dirishani.

"Nyabo!" akaita. Akangoja. Hakumalizia lile neno lingine.

"Safari njema, Kato!" nikajibu, na wabadilishaji fedha wawili waligeuka.

Mwende aliniachia rezista mbili za mia na ishirini, hatua nne za waya iliyosokotwa, na nakala ya kurasa kumi za mwanzo za kijitabu chake. Ni Kiingereza kigumu. Leo baada ya ibada nimemsomea Baba ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili, polepole, tukisimama kila penye neno gumu. Kwa nini waya zisokotwe, aliuliza. Nikamwambia kelele za nje zikija zinagonga zote mbili sawasawa, na anayesikiliza anapima tofauti yao tu, kwa hiyo kelele haisikiki. Akaangalia mvua. Kisha akasema aliyefikiria hilo alikuwa mtu mwenye akili tulivu. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote kwa Baba.

Balbu ameitundika kwenye msumari. Bado ni ya taa na indiketa, amesema. Ya kusikiliza waya mbili ataagiza mita.

Kesho saa mbili kuna lori jingine la aina hiyo linakuja, dereva wake ameelekezwa na Kato. Baba amesema mita ya kuazima ipo kwa wakala, na kwamba mimi nitapima, yeye atanishikia kifuniko cha betri. Yadi nzima itakuwepo, bila shaka, na vikombe vyao vya chai.

Nikikuta sitini, nitasema kwa sauti. Nikikuta mia na ishirini, nitasema pia.